Kibanda cha Chini ya Kilele

Ofisi yetu ilipopewa kazi ya kuchora kibanda cha wapanda mlima, mzee alikuwa ameshastaafu na mapafu yake yameanza kugoma. Alikuwa msanifu majengo, Mwismailia wa Moshi aliyefika Toronto akiwa kijana, na ndiye aliyenishika mkono nilipoanza kazi hapa, mgeni kutoka Arusha mwenye shahada ambayo hakuna aliyeitambua. Kibanda kilitakiwa kujengwa kwenye mlima wa kwetu, juu kabisa, ambako miti imekwisha na kumebaki mawe na upepo. Bosi aliniambia, "Wewe na mzee mnatoka huko. Muulize kama ataweza kusaidia."

Jumamosi nikaenda mtaa wa Crescent Town, kwenye ghorofa alikoishi na binti yake, ambaye ni muuguzi. Mashine ya oksijeni ilikuwa inanguruma kando ya kochi, na mpira mwembamba ukipita mashavuni mwake hadi puani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunitazama au umeleta kazi?"

"Vyote viwili."

"Basi tuanze na kazi. Ya kunitazama haina haraka."

Toka siku hiyo nikawa naenda kila wikiendi. Tulitandaza michoro juu ya meza ya chakula, binti yake akituletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Baba akimsemesha kwa Kiswahili, yeye alijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Mzee alikuwa ameutazama mlima ule kila asubuhi ya utoto wake bila kuupanda. Mimi niliupanda mara moja nikiwa chuoni, na ninachokumbuka zaidi ni kichwa kuuma na kutapika.

Tulikubaliana kuta ziwe za mawe ya palepale, na mbao zikatwe vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuvibeba. Umeme utoke kwenye sola, maji kwenye ukungu na mvua. Choo ndicho kilichotusumbua. Nilikuwa nimechora kile cha kugeuza kinyesi kuwa mboji, mzee akatikisa kichwa.

"Kwenye baridi ile hakuna kitakachooza. Utakirundika tu."

"Basi kiwekwe kwenye mapipa, kishushwe."

"Kishushwe na nani?"

"Wapagazi."

Akavuta pumzi. Kisha akauliza, "Na hao wanaoshusha mapipa, wanalala wapi?"

Nikatazama mchoro, ingawa jibu nilikuwa nalijua. "Nje. Kwenye mahema yao."

"Hapo hatujajenga kitu," akasema. "Waweke ndani. Chumba chao kipakane na jiko, wapate joto la ukuta."

Nikafuta, nikachora upya. Chumba kile kilitupa kazi kubwa kuliko sehemu nyingine zote za jengo, na nadhani ndicho kilichomfanya aamke asubuhi. Majira ya baridi yalipokolea, alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na siku moja akaniambia niinue vitanda vyote upande wa kichwa. "Anayekosa hewa ukimlaza anadhani anazama," akasema. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni. Akarudi jikoni, akafungua bomba, na maji yakatiririka muda mrefu.

Wafadhili wa kibanda walikutana na mimi na bosi kwa video. Waliusifu mchoro, hasa sola na kuta za mawe. Halafu mmoja wao akauliza kama kile chumba kando ya jiko kingeweza kuwa stoo ya betri, maana wageni wangeongezeka na nafasi ni ndogo. Nikaeleza kilikuwa cha nani. Nikaeleza baridi ya kule, na watu wanaofika wamelowa wakiwa na mizigo ya wengine. Wakanisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha bosi akasema, "Tunaweza kubadilisha," na mazungumzo yakahamia kwenye rangi ya paa.

Nilifikiria kumficha mzee habari hiyo. Lakini nilipoingia tu akaniuliza, nikamwambia. Hakukasirika. Alivuta ule mchoro wa mwisho, akautazama kwa muda, akaukunja taratibu kwa vidole vilivyovimba.

"Jina langu msiliweke," akasema.

"Mzee, kazi kubwa ni yako. Vitanda, madirisha..."

"Msiliweke, mwanangu. Nimechoka."

Baada ya hapo hatukuzungumza tena habari za kibanda. Nilimsomea habari za nyumbani kwenye simu, naye akafumba macho. Alifariki hospitalini kabla theluji haijayeyuka. Siku ya mazishi ardhi ilikuwa ngumu, na wachimbaji walikuwa wametumia mashine. Nilisimama nyuma na wanawake, nimevaa viatu visivyofaa, miguu imekufa ganzi, nikamtazama binti yake asiyelia.

Kibanda kilijengwa. Picha zake zilipofika ofisini watu walipiga makofi, na ni kweli kinapendeza. Mawe yamekaa kama yaliota palepale. Katika picha moja, nyuma ya ukuta wa jiko, upepo umeyalaza mahema matatu ya rangi ya chungwa, na mtu amechuchumaa akishikilia kamba. Niliwauliza wenzangu kama wamemwona. Mmoja akasema angeweza kumwondoa kwenye picha, ni kazi ya dakika.

Binti wa mzee alinipigia akaomba picha ya kutundika ukutani. Kwa mara ya kwanza alinisemesha kwa Kiswahili, akitafuta maneno.

"Hiyo ni nyumba ya baba?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ya baba yake ninayo mimi, kwenye karatasi, na kwamba nitampelekea. Akauliza kama itajengwa siku moja. Nikasema sidhani. Akaomba nimletee hivyohivyo.