Inayofanana na Ile ya Punda

Bi Mastura wa Likoni alifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kuanza kukodisha kanda za video, na hakupenda mtu aseme kwamba ana duka. Kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mumewe, Stambuli, chenye pazia safi na kabati la kioo. Kanda zenyewe zilikuwa katuni tupu. Mwaka ule wa tisini na mbili nyumba za video zilikuwa zimeshachafuka jina kwa filamu za aibu, naye alikuwa na binti wa kuoza.

Katuni alitumiwa na shemeji yake aliyekuwa Maskati, na zilimtatiza tangu siku ya kwanza. Zimechorwa Japani, nchi ambayo angeweza kuionyesha kwenye ramani akiwa amefumba macho. Lakini watoto waliomo wana nywele za manjano, wanakanyaga theluji, na wote wanazungumza Kiarabu kama cha khatibu juu ya mimbari. Bi Mastura alihitimu Kurani chuoni akiwa mdogo. Kukisoma Kiarabu alijua vizuri; maana yake ndiyo aliyoambulia kidogo sana.

Kwa hiyo alibuni njia yake. Mteja akirudisha kanda, humwuliza kilichompendeza. Akisema farasi, humpa nyingine yenye farasi. Mama mmoja wa Mjambere alipewa hiyo ya farasi akairudisha kesho yake amekunja uso.

"Mwalimu, huyu farasi amekufa!"

"Si ulisema wapenda farasi?"

"Nilipenda kwamba yule wa kwanza hakufa."

Bi Mastura alikaa na jibu hilo siku nzima asijue aliweke kwenye rafu gani.

Kisha akaja Bi Dhahabu wa Mtongwe. Huyu hakuwa mteja wa kawaida. Mjukuu wake, Jaffar, alikuwa amempeleka mshenga kumposa Mwanarehema, binti wa Bi Mastura. Wazee walikwisha kuridhiana, ikabaki siku ya kufunga posa.

"Shikamoo, Bi Dhahabu."

"Marahaba, mwanangu. Ile ya msichana na punda nimeirudisha. Nipe inayofanana nayo."

Ilikuwa hadithi ya msichana aliyevuka milima na punda kiguru akimtafuta kaka yake kipofu.

"Kilichokupendeza ni nini hasa?"

"Yote."

Yote! Bi Mastura alipanga na kupangua majalada mpaka akapata moja lenye msichana wa macho makubwa yale yale, machozi yale yale. Pembeni kulikuwa na mtu wa chuma, mrefu kama mnara wa msikiti. Akadhani ni pambo.

Bi Dhahabu hajafika mbali, jirani Barke akaingia bila hodi.

"Mwalimu, una habari ya Mtongwe wewe?"

"Habari gani tena?"

"Bi Dhahabu afukiza udi kwanza, ndipo aweka kanda! Wanawake chumba kizima, wamejitanda leso. Yule mtoto akinena Kiarabu chake, wao waitikia amin."

"Amin? Kwa katuni?"

"Wallahi! Sijui wadhani ni visa vya mitume."

Bi Mastura akafunga kabati la kioo. Akinyamaza, siku moja itajulikana, na watu watasema mjane wa Stambuli amewalisha bibi za watu katuni kwa jina la dini. Akisema, atamwaibisha Bi Dhahabu mbele ya wenziwe, na posa itarudi ilikotoka. Alivaa buibui, akalivua, akalivaa tena.

Alipofika Mtongwe jioni hiyo, udi ulikuwa umetanda mpaka uani. Wanawake wamejaa mikekani, na mlangoni, juu ya kiti, ameketi Maalim Khatibu, kaka yake Bi Dhahabu, mwenye chuo cha Kurani. Kwenye televisheni mtu wa chuma alikuwa akimkata mwenziwe kwa upanga wa moto.

"Mwalimu, karibu!" Bi Dhahabu aliita. "Mpisheni. Huyu amesoma, atatufasiria."

Macho yote yakamgeukia. Bi Mastura aliyetaka kumvuta Bi Dhahabu faraghani alijikuta akisema pale pale, kwa sauti ya darasani:

"Hizi si habari za dini, Bi Dhahabu. Ni katuni. Za Wajapani."

Bi Dhahabu akamtazama.

"Nani kakwambia ni za dini?"

"Si... udi, na leso..."

"Udi nafukiza wakija wageni. Leso wavue wakae vipi, na kaka yangu yupo?"

"Na amin?"

"Mtoto ainua mikono amwomba Mungu amwone nduguye. Wewe ungemnyamazia?" Akageukia wenziwe. "Jamani, mwalimu atuona wajinga!"

Wakacheka, lakini Bi Dhahabu hakucheka. Bi Mastura akaiona posa ikitoka mlangoni. Akapiga magoti mkekani, yeye aliyezoea watu wasimame akiingia darasani.

"Niwie radhi, mamangu. Nilichelea jina la nyumba yetu, nikalisahau lako."

Bi Dhahabu alimwacha hapo kidogo, kisha akampa mkono.

"Inuka. Ijumaa twaja kufunga posa, inshallah. Na uniwekee nyingine, maana hii ya vyuma haifanani kamwe. Hii mwachie Maalim."

"Niachieni imalizike," alisema Maalim bila kugeuza kichwa.

Bi Mastura aliketi. Akamwinamia Bi Dhahabu, akanong'ona:

"Lakini nambie. Kwenye ile ya punda, kilichokutoa machozi ni kipi?"

"Ule mlango."

"Mlango gani?"

"Msichana alipoondoka kwao. Aliurudisha polepole, kama asiyetaka kumwamsha mtu, na ndani hamna mtu."

Bi Mastura alikuwa ameitazama kanda ile toka mwanzo hadi mwisho, tena zaidi ya mara moja. Mlango hakuukumbuka hata kidogo. Na kanda nyingine yenye mlango kama huo ataitafutia wapi, hakujua.