Sista Hesabu na Kitabu cha Getini

Sista Hesabu akikupa mkono hakuachii upesi. Vidole vyake viwili huteleza mpaka kwenye kifundo, macho yanakwenda kwenye saa ya ukutani, na huku anakuuliza habari za nyumbani, kumbe anakuhesabia mapigo ya moyo. Kila asubuhi humfanyia hivyo mfagizi, mlinzi, hata mkuu wa chuo. Siku moja mkuu alilalamika, "Sista, mimi nimekusalimia tu, sijaja kutibiwa." Akajibiwa, "Tisini na sita. Hizo ngazi unazipanda kama unafukuzwa."

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake wa uuguzi. Miaka kumi na moja alikuwa wodini, akigeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka. Halafu akawa mwalimu wa chuo. Halafu, akiwa na miaka arobaini na mbili na binti mmoja wa kulea, akaenda kusomea uchumi wa afya. Ndugu zake walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Muuguzi na uchumi wapi na wapi?" kaka yake alimwuliza. "Sasa utamchoma mtu sindano kwa asilimia?"

Yeye akasema anataka kujua kitu kimoja tu: kwa nini watu walewale wanarudi kliniki kila wiki, wanabeba dawa zilezile, na hawaponi.

Aliyemfungua macho ni mshona viatu mmoja wa makamo. Huyo alikuwa hakosi Jumatatu kwenye kliniki ya chuo. Wiki hii kichwa, wiki ijayo mgongo, wiki nyingine anashika tumbo na kifua kwa pamoja na kusema, "Hapa, Sista, hapa katikati." Vipimo vyote safi. Basi Jumatatu moja Sista akaweka kalamu chini.

"Kaka yangu, jana umekula na nani?"

Mshona viatu akafikiri kidogo. "Na redio."

Mkewe alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, na watoto wako mbali. Sista akachukua cheti cha dawa, akaandika: kuimba na wenzako, mara moja kwa wiki, Jumatano saa nane mchana. Mshona viatu, mtu mtiifu, akakipeleka moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Mfamasia akakisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Hii imetuishia," akasema. "Jaribu duka la nje."

Ukweli ni kwamba hata hicho kikundi hakikuwepo. Sista alikiandika kwanza, ndipo akahangaika kukitafuta. Alipata chumba nyuma ya kliniki, kina kitanda kibovu na ndoo tatu. Akakifagia mwenyewe. Jumatano ya kwanza walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango. Baada ya miaka miwili walikuwa arobaini, wanaimba, wanacheka, wanagombea viti, na Sista akawa anafanya utafiti juu yao: je, mtu akiandikiwa watu badala ya vidonge, anapungua kurudi kwa daktari?

Ndipo bwana utawala wa chuo akakitaka kile chumba. Mafaili ya zamani yalikuwa yamejaa kwenye korido mpaka watu wanapita kiubavuubavu. Akaitisha kikao kiwe Jumatano inayofuata, asubuhi, na akamwambia Sista alete hesabu. "Zikionyesha faida, chumba ni chenu. Zisipoonyesha, wimbo umekwisha."

Sista akazitoa hesabu kwenye kitabu cha getini, ambamo mlinzi huandika kila anayeingia, kwa sababu ndicho kitabu pekee kisichokosa hata siku moja. Akajumlisha. Akavua miwani, akaifuta, akajumlisha upya. Kabla ya kujiunga, mwanakikundi alikuwa anakuja kliniki mara tatu kwa mwezi. Baada ya kujiunga, mara tano.

"Mama," binti yake akasema, yeye ndiye aliyekuwa akimsaidia kuandika, "hizi zinasema kuimba kunawafanya watu waugue."

"Nimeona."

"Tufanyeje?"

"Tukaulize. Namba haina mdomo, lakini aliyeiandika anao."

Jumatano ya wiki hiyo, wiki moja kabla ya kikao, mchana akabeba kiti, akaenda kukaa getini na mlinzi. Mlinzi alikuwa mtu wa mwandiko mzuri, anachora kila herufi kama analipwa kwa herufi. Wakapita wanakikundi wawili, mmoja ana ngoma kwapani, wanataniana. Mlinzi akaandika jina, saa, na mbele yake: mgonjwa.

"Huyu anaumwa nini?" Sista akauliza.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye sista."

"Umemwona amebeba ngoma?"

"Nimeiona. Mgonjwa na ngoma yake."

"Sasa kwa nini umemwandika mgonjwa?"

Mlinzi akakaa sawa. "Siku niliyoajiriwa niliambiwa hivi: asiye na sare, andika mgonjwa. Sijabadilisha mpaka leo."

"Na fundi bomba wa jana?"

"Alikuja na fulana. Mgonjwa."

Sista akavuta kitabu, akafunua kurasa za nyuma. Jumatano zote huwa anakuja bila sare, ili wanakikundi wasimwogope. Akalitafuta jina lake, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kisha akacheka mpaka mlinzi akainuka kumwangalia vizuri.

"Yaani mimi mwenyewe nimeugua mara thelathini na moja mwaka huu, na hakuna hata mmoja aliyeniletea pole!"

"Pole, Sista," mlinzi akasema, na hakuwa anatania.

Siku sita zilizobaki, mama na binti walikaa sakafuni kwenye chumba cha daktari wakichambua vyeti, kimoja kimoja. Hivyo vilikuwa vinamtaja aliyeonwa na daktari kweli. Namba ikatoka: kutoka mara tatu kwa mwezi mpaka mara moja. Ila watu wanne walikuwa wamezidisha kwenda. Wenzao wa kikundi waliwaona wanavimba miguu, wakawasukuma kwa daktari.

"Tukiwaondoa hawa wanne inapendeza zaidi," binti akasema.

"Waache. Hesabu si bibi harusi, haihitaji kupambwa. Na hao wanne ndio waliopona mapema."

Kikaoni Sista alieleza yote, pamoja na kosa lake la kuamini kitabu bila kumwuliza mwenye kitabu. Bwana utawala alisikiliza, akauliza maswali mawili, akafunga kalamu.

"Hesabu nimeikubali. Sina ubishi. Lakini mafaili niyaweke wapi, Sista, kichwani?"

Watu wakacheka, ingawa swali lilikuwa la kweli. Chuo kizima hakikuwa na chumba kingine. Sista akatazama meza. Miaka tisa alifundisha akiwa na dawati kwenye korido, akisahihisha mitihani huku watu wakimgonga kiwiko, ndipo akapewa ofisi. Ina dirisha, ina rafu tatu za ukuta mzima, na mlango wenye cheo chake.

"Ofisi yangu ina rafu," akasema.

Binti yake akamshika mkono. "Mama! Ofisi yako?"

"Mafaili hayaimbi, mwanangu. Hayatasumbua majirani."

Bwana utawala akatoa macho. "Na wewe utakaa wapi?"

"Kwenye kona ya chumba chetu, nyuma ya kliniki. Mkinitafuta, fuateni kelele."

Hakutaka kungoja mawazo yabadilike, yake wala ya mtu mwingine. Akapanda ofisini, akajaza vitabu kwenye mabegi mawili, binti akabeba mashine ya kupigia hesabu na picha ya darasa la kwanza alilofundisha. Akafungua dirisha kidogo, akalifunga tena. Wabebaji walikuwa tayari wako ngazini na boksi la kwanza, wanahema. Sista akampa wa mbele ufunguo, akawapisha ukutani.

"Inueni kwa magoti," akawaambia, "msiinue kwa mgongo. Sitaki kuwaona kliniki Jumatatu."

Akashuka, mabegi yakimgonga mapajani. Ilikuwa karibu saa nane, na kule nyuma ya kliniki mtu alikuwa ameshaanza kupiga ngoma kabla ya wakati. Kwenye ile ofisi hakurudi tena.