Mtani Alipochukua Panga la Mchezo wa Kisasi

Enzi zetu, sisi tuliosoma shule ya Mazingara wakati nyumba za kijiji cha ujamaa zilipokuwa bado zinanuka udongo mbichi, kitabu kimoja kilisomwa na watoto wanne, na wa pembeni alipinda shingo mpaka ikauma. Asubuhi tulikwenda shamba la shule, kila mtu na panga lake. Mchana tulikunywa uji wa mahindi ya njano wenye ladha ya moshi. Jioni tulikimbilia chuoni kwa baba yangu, aliyetusomesha Kurani. Alhamdulillahi, tulikua.

Mwaka mmoja alikuja mwalimu kijana kutoka Vugiri, mtu wa milimani aliyelalamikia joto letu mpaka tukamwonea huruma. Alitutungia mchezo wa kuigiza kwa ajili ya Sikukuu ya Wakulima. Mhunzi anauawa na rafiki yake. Mwanawe anaapa kaburini, anamchekea muuaji kwa miaka mingi, kisha anamkata karamuni, naye anauawa papo hapo. Mama yake anamsihi asamehe tangu mwanzo mpaka mwisho, wala hasikilizwi.

Nafasi ya mwana alimpa Rajabu, mtoto wa baba yangu mdogo. Ya muuaji alimpa Salimu, aliyekaa naye dawati moja. Mwalimu alikuwa mgeni, hakujua. Baba yake Rajabu aliuawa na baba yake Salimu katika ugomvi wa mpaka wa shamba, kabla hatujahamia kijijini. Muuaji alikuwa gerezani, lakini nyumba za wajane hao wawili, maana hata mke wa mfungwa tulimhesabu mjane, zilitazamana, kwa kuwa viwanja viligawiwa kwa mstari. Wazee walimtazama Rajabu akirefuka, wakaogopa siku mikono yake itakapopata nguvu.

Mwalimu alipotuuliza kijana wa mchezo ni mtu wa namna gani, darasa liligeuka gulio. Wengine walisema shujaa. Mimi nilisema mjinga, kwa kuwa hakumsikiliza mama yake.

“Mama ndiye mwoga,” alisema Rajabu. “Kijana akinyamaza, watu watasema nyumba ile haina mwanaume.”

“Mwanaume gani wewe, jana umelizwa na nyigu!” Mwanahawa alimdakia, tukacheka sote. Rajabu hakucheka. Salimu alikuwa anakwangua meza kwa ukucha.

Sikukuu ilifika. Wazazi walikaa chini uwanjani, wanatafuna miwa. Panga la mbao lilikuwa limevunjika kwenye mazoezi, basi Rajabu akatwaa la shamba. Aliposimama juu ya maiti aliyefunikwa shuka na kuanza kuapa, macho yake hayakuwa kwa maiti. Yalikuwa kwa Salimu. Miwa ikaacha kutafunwa.

Hapo akainuka Bibi Mwanaisha, mtani wa ukoo wetu. Kwetu mtani ndiye mwenye msiba: anamwiga marehemu, anamsema, anachukua vitu vyake na hanyimwi, mpaka wafiwa wacheke wasipende.

“Hamziki mtu hapo! Mtani wake yuko wapi? Mmeona wapi msiba mkavu hivi?”

“Bibi, ni mchezo tu,” Mwalimu alimbembeleza.

“Najua ni mchezo, mtoto wa baridi wewe! Ndiyo maana umewaharibikia!”

Akamwendea Rajabu, akanyoosha mkono. “Panga la marehemu ni langu. Lete.”

Rajabu alisita. Lakini nani humnyima mtani? Akampa.

Bibi akaliweka begani, akatembea huku anachechemea, anaita mbuzi kwa sauti ya puani, kisha akaficha kopo la ugoro kwenye kiuno eti asiombwe. Uwanja mzima ulimtambua. Si mhunzi huyo. Alikuwa baba mdogo mwenyewe, baba yake Rajabu! Maiti yake ililetwa na polisi kutoka hospitali ya Korogwe, ikazikwa haraka, na mtani hakufika.

Rajabu alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, cha kwanza kumlilia baba yake tangu azikwe. Baba yangu, ambaye siku zote alisema maiti anataka dua na si vichekesho, hakukemea. Aliinua mikono, akasoma Fatiha. Wote tukaitikia amina, na Salimu pia, kwa sauti.

“Tuendelee?” Mwalimu aliuliza.

“Siwezi, Mwalimu,” alisema Rajabu. “Sina panga.”

Jumatatu darasani alisema jambo ambalo Mwalimu aliliandika ubaoni: yule kijana si shujaa wala mjinga, ila alikuwa hajamzika baba yake.

Leo mjukuu wangu, anayesoma sekondari Korogwe, anakariri sifa za wahusika kama bei za dukani: jasiri, mlipiza kisasi, mwenye msimamo. Nilimpa jibu la Rajabu. “Bibi, hilo halina maksi,” akaniambia, akarudi kwenye simu yake. Simlaumu. Hata watani siku hizi wanakuja msibani wakiwa wamevaa suti, wanapiga picha, wanawahi basi.

Mwezi uliopita tulimzika Salimu. Rajabu, mzee wa fimbo sasa, alikataa kukaa kwenye kiti alichopewa. Alikaa mkekani na wafiwa, upande wa ndugu, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Vijana hawakujua kwamba kuna la kuuliza. Sisi tuliojua tulibaki wachache, tukasema alhamdulillahi.