Nilimfungia baba mkwe mtandao Mtendeni, posa yangu ikakwama Gongoni

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini hili lililonikuta hapa Tabora nimeshindwa kukaa nalo peke yangu. Sitaongeza chumvi. Nilichobadilisha ni majina tu, maana mji wetu ni mdogo na humu wamo wanaonijua.

Kwanza mjue anayeandika ni nani.

Niliondoka Tabora na begi moja la mgongoni baada ya form four. Dar nilianza kwa kuvuta nyaya juu ya dari za maghorofa ya Kariakoo, mchana kazi, jioni darasani, mpaka nikapata diploma ya mitandao ya kompyuta. Sikusomeshwa na mtu. Nimerudi nyumbani na zana zangu mwenyewe, nimefungua ofisi Gongoni, na nikisema ofisi simaanishi meza ya kuchajia simu za watu. Nina bango, nina feni ya ukutani, nina wateja. Mwenye kununa na anune taratibu.

Tuendelee.

Mtendeni kuna mzee mmoja, nimwite Mzee Nassor. Asili ya familia yao ni Oman, wapo Tabora tangu enzi za misafara. Ana duka la nafaka Mtendeni, na ana ghala Igalula karibu na stesheni, anakonunulia karanga na mpunga kwa wakulima. Ana binti, nimwite Rukia, mwalimu. Mimi na Rukia tulishakubaliana. Walibaki wakubwa.

Kwa wasiojua taratibu zetu, posa hupeleki mwenyewe. Unatafuta mshenga, mtu mzima wa upande wako. Naye haendi kumvaa baba wa binti, anaongea na msemaji wa familia yao. Msemaji ndiye anayeingia ndani kwa baba, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Mshenga wangu alikuwa Mjomba Ramadhani, kaka yake mama, fundi cherehani wa siku nyingi hapa Gongoni. Msemaji wao alikuwa mdogo wake Mzee Nassor, wenyewe wanamwita Ami Saidi.

Posa ikaenda. Tukaambiwa tusubiri.

Tukiwa tunasubiri, Mzee Nassor akaniita dukani. Nilivaa shati jipya. Kumbe ananiitia kazi. Ghalani Igalula alikuwa ameshafungiwa kamera na mtu mwingine, lakini ili aone picha ilibidi aende hukohuko. Alitaka akae Mtendeni, anywe kahawa yake, aone nani anaingia na nani anatoka.

Wakuu, nilichukulia kuwa huo ni usaili. Baba wa mtu unayemposa anakupa kazi ya fani yako, ukifeli utamwambia nini? Mji mzima utasikia kwamba kijana wa diploma kashindwa kuleta picha kutoka Igalula.

Nikafunga router ya laini ya simu dukani na nyingine ghalani. Katikati nikatengeneza VPN, yaani handaki la siri ndani ya intaneti, ili mambo ya ghala la mzee yasichunguliwe na mtu wa pembeni. Kazi safi. Nikakaa dukani mbele ya wateja, nikafungua kompyuta.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa.

Ping, yaani kijiujumbe cha kupima njia, nikiituma ghalani inajibu, tena haraka. Ukurasa wa kuweka neno la siri wa kisanduku cha kurekodia picha kilichoko ghalani unafunguka. Naweka neno la siri, linakubali. Nabonyeza kamera ya mlangoni, kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Kinazunguka. Picha hakuna.

Nikaenda Igalula. Kwenye skrini ya kulekule picha inang'aa, unahesabu mpaka madoa ya mbuzi anayepita nje. Narudi Mtendeni, kiduara. Nikabadilisha waya, kiduara. Nikabadilisha router, nikabadilisha laini, kiduara kiko palepale. Kungekuwa na kitu kimekufa ningekijua. Kila nilichokipima kilikuwa kizima.

Mzee Nassor hakukasirika. Aliniagizia kahawa, akaniambia, "Hebu nieleze huko ndani kunatokea nini. Nieleze kama mtu mzima, usinieleze kama mwanafunzi."

Nikamwambia, mzee, chukulia msafara. Mwenye mzigo pwani alikuwa anaelewana na mwenzake wa hapa Tabora kana kwamba wamekaa mkeka mmoja. Lakini katikati walikuwepo wapagazi. Mpagazi hajui kama ndani ya furushi kuna vitambaa au shanga. Anajua uzito, anajua kambi inayofuata. Kiongozi wa msafara anajua njia, bei haimhusu. Kila mmoja na kazi yake.

Mtandao ndiyo hivyo, umepangwa kwa matabaka, sisi tunaita layers. Chini kabisa kuna waya na mawimbi, kazi yao ni kusukuma ishara mpaka kwa jirani. Juu yao kuna tabaka la anwani, hiyo IP mnayoisikia. Lenyewe linajua mzigo unaenda wapi, na kila router mzigo unapopita inajua kituo kimoja tu cha mbele. Juu yake kuna tabaka linalogawa mzigo vipande, linavipa namba, linahakiki vimefika vyote, kilichopotea kinatumwa tena. Juu kabisa ndiyo kuna kamera na skrini, hao ndio wanaozungumza habari za picha.

Kamera inadhani inaongea na skrini uso kwa uso. Ukweli ni kwamba maneno yake yanashuka tabaka kwa tabaka, na kila tabaka linayatia kwenye bahasha yake na kuandika maelezo juu. Yakifika ng'ambo yanapanda, bahasha zinafunguliwa moja moja, kila moja na tabaka lililo sawa na lile lililoifunga.

Mzee Nassor akaidaka hapohapo. "Kwa hiyo walioelewana ni ukoo wangu, na waliotembea ni ukoo wako."

Mimi Mnyamwezi, na wapagazi wengi wa misafara walikuwa Wanyamwezi, kwa hiyo hapo alikuwa ananitania. Akacheka. Nami nikacheka, ila sikujua nicheke mpaka wapi.

Sasa wakuu, hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kahawa ya tangawizi, mzee anacheka, wateja wawili watatu wamekaa kwenye magunia wanasikiliza. Nikaona mimi ni mtu wa kisasa, na mwenye jibu huyu hapa mbele yangu. Nikamwuliza, "Mzee, na lile jambo letu jingine limefikia wapi?"

Mzee Nassor akaweka kikombe chini. Akaigeukia router.

"Hii taa ya kijani maana yake nini?"

Nikamweleza maana ya taa ya kijani. Ningefanya nini?

Kuanzia hapo, kimya. Mjomba Ramadhani kimya. Ami Saidi nikipishana naye msikitini ananisalimia vizuri, anauliza hali ya mama, anapita. Rukia kwenye simu anasema nyumbani hakuna anayetaja chochote, na yeye hawezi kuuliza.

Kwenye mtandao ujumbe usipojibiwa unatumwa tena. Siku nyingine nikaenda kuhangaika na kiduara changu, nikamwuliza mzee kwa mara ya pili. Akaniuliza kama router inakula umeme mwingi.

Nilianza kuwaza mambo mabaya. Ule utani wa ukoo ukawa unanirudia kichwani. Nikajiambia, yaani pamoja na diploma, ofisi na bango, bado mimi ni mjukuu wa mpagazi, nimefikisha mzigo na sasa nasubirishwa nje ya ua. Nilimwambia Rukia kama kwao hawanitaki waseme tu, mimi si mtu wa kukosa mke. Akalia. Nikajuta, lakini sikujua nirekebishe nini, kwa sababu sikujua kilichoharibika.

Na kamera nayo haileti picha. Mambo mawili yamekwama mikononi mwangu, na yote mawili nikiyapima ni mazima.

Nikaamua nianze upya kama mwalimu alivyotufundisha, kutoka tabaka la chini kwenda juu, na kila tabaka niliulize swali lake, nisiliulize la mwingine. Waya, sawa. Anwani, sawa. Nikapiga ping tena, lakini safari hii nikaiongezea ukubwa. Ping ya kawaida ni ndogo sana, kama kijibarua cha mstari mmoja. Nikaituma ikiwa na uzito wa kipande cha picha, na nikakataza isikatwe njiani.

Haikurudi. Nikapunguza kidogo, haikurudi. Nikapunguza tena, ikarudi.

Wakuu, nilisimama dukani kwa watu nikapiga makofi.

Kumbe ni lile handaki langu la siri. Nalo linafunga bahasha yake juu ya bahasha zote. Kipande cha picha kilikuwa kinatoka kamerani kimejaa pomoni, kikiongezewa bahasha ya handaki kinazidi kipimo cha njia. Huko njiani kinatupwa, na aliyekituma haambiwi. Anasubiri, anatuma tena kilekile, kinatupwa tena. Vidogo vinapita vyote, ndiyo maana ping na neno la siri vilikuwa vinanidanganya.

Kumweleza Mzee Nassor ilikuwa rahisi, yeye ni mtu wa magunia. "Mzee, tulikuwa tunapakia lumbesa. Gunia limeshonewa kilemba juu, na mlango wa njiani hauruhusu kilemba." Nikapunguza ukubwa wa vipande kwenye router zote mbili, nikabonyeza kamera ya mlangoni.

Igalula ikaja. Mlango, magunia, na msimamizi wa ghala kajilaza juu ya karanga, kofia usoni.

Mzee akachukua simu akampigia. Tukamwona anavyoruka.

Nilitoka pale nina furaha, lakini nusu. Njiani nikajiuliza, hivi kwenye posa nimepima nini? Nimempima mtu wa juu kabisa tu. Wa chini sijamwuliza. Nikapitiliza ofisi yangu mpaka kwa Mjomba Ramadhani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hakuinua kichwa, alikuwa anatia mafuta cherehani.

Nikamwuliza mara ya mwisho Ami Saidi alisemaje.

"Mimi sijui. Muulize mkweo, si ndiye unayekunywa naye kahawa?"

"Mjomba, una maana hukurudi kule?"

"Nirudi na nini? Umenituma, kisha ukaenda kuuliza mwenyewe mbele ya wanunua mchele. Habari ilifika hapa kabla wewe hujafika. Nikajua basi, kazi nimeshanyang'anywa."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Mzee Nassor alikuwa anamsubiri mshenga aje kwa Ami Saidi kufuata jibu, kwa sababu hana utaratibu wa kumpa jibu fundi wa kamera. Mshenga alikuwa anajihesabu amefukuzwa. Na mimi nilikuwa nautazama mdomo wa mzee. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyekasirika, ukimtoa mjomba. Wote wazima, na hakuna kinachopita.

Nilibishana kidogo, nisiwafiche. Nilisema dunia imebadilika, mtu anaongea na aliyeko China kwa sekunde. Mjomba akaendelea na mafuta yake. Mwisho nikaomba radhi kweli, kwa kuinama. Akaweka chini kopo la mafuta, akasema, "Kanzu yangu iko kwenye ndoo. Ifue, uinyooshe."

Nikaifua, nikainyoosha. Mwenye diploma.

Ijumaa baada ya swala akaivaa, akaenda Mtendeni. Aliporudi alisema ameongea na Ami Saidi, kesho ataitwa. Basi.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na miadi na Mzee Nassor ya kumfundisha kuhama kutoka kamera moja kwenda nyingine kwenye skrini. Nilikaa naye bega kwa bega mpaka karibu na adhuhuri. Alijifunza, akakosea, akacheka, akaniagizia kahawa na kashata. Jibu langu lilikuwa kifuani mwake, umbali wa mkono. Ami Saidi aliingia mara moja, wakaongea pembeni kidogo, akatoka. Mimi macho kwenye skrini. Wakuu, kutomwuliza mtu kitu ni kazi ngumu kuliko kutafuta chanzo cha kiduara.

Naondoka, akaniambia, "Nisalimie nyumbani."

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mjomba Ramadhani kaketi barazani na kanzu ileile, mama pembeni anafuta macho kwa ncha ya kanga. Mama ndiye aliyeniambia wamekubali. Jibu lilitoka kwa Mzee Nassor nikiwa nimekaa naye, likaenda kwa Ami Saidi, likaenda kwa mjomba, likaenda kwa mama, na mimi niliyekuwa jirani yake kuliko wote nikalipata wa mwisho.

Funzo nililopata, na sijui kama nimelielewa lote: kuwa karibu na mtu siyo kuwa na njia ya kuongea naye. Kila jambo lina tabaka lake, na ukiruka tabaka, ulilolidharau linanyamaza, halafu unabaki unalaumu wa juu.

Ila bado kuna kitu kinanitatiza, na ndiyo sababu ya uzi huu. Kwa nini mzee asiniambie tu, "kijana, mtume mshenga wako"? Neno moja lingeniokolea usingizi mwingi. Wa mitandao na wa ndoa, nipeni maoni yenu, hata kejeli napokea.

Ndoa ni baada ya mavuno. Mzee Nassor mpaka leo hajanitamkia hata neno moja kuhusu jambo hilo. Juzi alinipigia mwenyewe, nikasema leo ndiyo leo, nikatoka nje nimsikie vizuri.

Akaniambia kamera ya mlangoni imeingia utando wa buibui.