Nyumba kwa Mkono wa Kaka

Kaka yangu alipokwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi, mimi nilibaki kijijini kwetu Milola na mama. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Yeye alinizidi miaka michache na kimo kikubwa, na tangu utotoni wageni wakija ndiye aliyeongea. Mimi nilisimama nyuma yake.

Alikuwa akipiga simu Ijumaa baada ya swala. Nyumbani mtandao haushiki, kwa hiyo nilipanda hadi kwenye mikorosho ya mjomba na simu ya mama. Mama aliletewa salamu kwamba chuo ni kizuri na chakula kipo. Mimi niliambiwa mengine. Kwamba ukumbi wa masomo ni mkubwa kuliko msikiti wetu, na mhadhiri anasema Kiingereza cha haraka, anafuta ubao kabla kaka hajamaliza kunakili. Kwamba vijana wa mjini wamekuja na kompyuta zao, naye akiwasha ya chuo anaogopa kuiharibu. Chumbani walimtania wakimwita mzee wa korosho. Alicheka pamoja nao, kisha akaenda kukaa ngazini peke yake. Karakanani tu ndiko alikopumzika, maana kupiga tupa kwenye chuma hakuhitaji Kiingereza.

"Usimwambie mama," alisema kila mara, nami sikumwambia.

Kilichomtesa zaidi ni uchoraji. Kitu kimoja unakichora mara tatu: kwa mbele, kwa ubavu, na kwa juu kama anavyokiona kunguru. Kaka alisema wenzake wanaona, yeye akikaa mbele ya karatasi anaona karatasi tu. Siku moja akaniuliza mlango wetu una upana gani. Nilishangaa, kwa sababu mlango huo ameupita maisha yake yote. Akasema akianza na kitu anachokijua, huenda vingine vitafuata.

Hatukuwa na tepu. Nilipima kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole, kama tunavyopima miti ya kujengea, na kilichobaki nikakipima kwa shubiri. Ijumaa nikampa jibu. Ijumaa iliyofuata akataka dirisha, kisha baraza, kisha umbali kati ya jiko na ukuta wa nyumba. Nilipopanda kwenye kenchi za paa mama aliniuliza natafuta nini juu huko. Nikasema panya.

Sauti yake ikaanza kubadilika. Hakulalamika tena sana.

"Sasa naiona," aliniambia. "Nikifumba macho naiona nyumba yote kwa juu. Hata wewe nakuona, umesimama uani."

Niliporudi uani siku hiyo nilitazama juu. Hapakuwa na kitu. Hata hivyo nilitembea karibu na ukuta mpaka nikaingia ndani, na kwa siku kadhaa sikupenda kukatiza katikati ya ule uwanja.

Mwaka wake wa kwanza ulikuwa unakwisha, wameshaanza mitihani, aliposhikwa na homa. Alilazwa, na baada ya siku chache akafariki. Tulimzika hapa Milola.

Kabla ya arobaini alikuja kijana aliyekuwa akikaa naye chumba kimoja, ameleta begi la kaka. Alimwamkia mama, akakaa, akasema kaka alikuwa mtu mkimya ambaye mwishoni aliwapita wengi kwa uchoraji. Kisha akakunjua karatasi kubwa mkekani. Ilikuwa nyumba yetu. Mistari yake ilikuwa safi, kila mahali pana namba ndogo.

Mama aliuliza mlango ni upi, akaonyeshwa. Akaweka kidole pale, akakiacha.

"Na watu wako wapi?" aliuliza.

Kijana akamjibu taratibu kwamba michoro ya aina hii haiwekwi watu.

Kijana alikuwa na tepu yake mwenyewe, akaenda mlangoni kupima, nadhani kwa kumheshimu rafiki yake. Akapima tena. Mlango wetu ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwenye karatasi. Akaenda dirishani, ikawa hivyohivyo. Akasema ni ajabu, mwenzake hakuwa mtu wa kukosea.

Mimi nilielewa. Nilikuwa nimempa mikono na shubiri, naye kule chuoni alizigeuza kuwa sentimita kwa mkono wake mwenyewe, ulio mrefu kuliko wangu. Nilipowaeleza, mama alinishika mkono, akautazama, akaurudisha magotini pangu.

Kwetu jina la marehemu hurithiwa. Siku ya arobaini hupewa mtu wa ukoo, na tangu hapo ndilo analoitwa. Jioni ile mjomba aliniambia wazee wa ukoo wamekubaliana ni mimi. Niliona kwamba nikiitikia jina lile, kaka atakuwa amekwenda kweli. Nikikataa, mama hatalitamka tena.

Nilimfuata mjomba kwenye mikorosho.

"Mjomba, mimi siyo yeye," nilisema. "Hata mkono wangu haufiki."

"Hakuna anayekutaka uende chuo," alinijibu. "Tunataka mama yako awe na wa kumwita."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na kwa mjomba ikatosha.

Siku yenyewe nilikalishwa mkekani, nikavishwa shati lake. Mikono ya shati ilinifunika vidole. Bibi mmoja jirani akanisalimu kwa jina la kaka, akanitazama juu hadi chini.

"Chakula cha chuo kimekushinda, mjukuu wangu? Mbona umerudi mfupi?"

Watu walicheka. Mama naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nafagia uani. Mama akaita kutoka jikoni, akaita kwa jina la kaka. Nilinyamaza, kama nilivyozoea tangu nikiwa mdogo, nimpe nafasi aitike yeye kwanza. Kuku walikuwa wakiparura. Nikatazama juu.

Mama aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo, kama anayeuliza.

"Naam, mama," nikasema.

Naitika hadi leo. Lakini kila ninapoitwa, nangoja kidogo kwanza.