Mama Sululu na Makaburi ya Nyuma ya Kanisa

Jina lake la ubatizo lilisahaulika zamani. Parokia nzima, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Sululu, na mwenyewe aliitika bila kinyongo.

Alifika mji ule akiwa mke kijana, pamoja na mume wake mchonga mawe, wifi yake mwenye maneno kuliko redio, na watu wengine wa kwao waliofuata kazi machimboni. Yeye alipata kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Kanisa walilijenga wenyewe, jiwe juu ya jiwe, kila walipopata mapumziko. Makaburi hawakutenga. Hakuna aliyetaka hata kuyataja. "Sisi wapita njia," walisema. "Mwakani tunarudi kwetu." Mwakani ikazaa mwakani.

Aliyekufa alizikwa kwenye makaburi ya mji, upande wa nyuma, ubavuni mwa jalala. Kamati ya wenyeji, chini ya mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ilishaamua kwamba mbele ni kwa wenyeji tu.

Kisha vumbi la machimbo likamkaa mumewe kifuani. Akakohoa masika yote, akafariki. Mjane hakungoja machozi yakauke, alimwendea padri.

"Baba, mume wangu simpeleki jalalani. Nipe pale nyuma ya kanisa."

Padri akachungulia dirishani. "Mama, pale ni mawe matupu."

"Kachonga mawe maisha yake yote. Hayatamshtua."

Padri hakujua acheke au alie. Ruhusa akaitoa.

Mama akaichukua sululu ya marehemu, akajifunga kibwebwe, akaanza kuchimba. Chuma kiligonga mwamba hadi cheche zikaruka. Wifi yake akaja mbio.

"Wifi, umerukwa na akili? Watu watasema nini?"

"Wakija kusema, waje na majembe."

Wakaja mikono mitupu. Mzee wa kanisa ndiye aliyelitoa lililokuwa moyoni mwa kila mmoja. "Ukimzika hapa, mama, umetuzika wote. Ina maana tumeshakuwa watu wa hapa? Kwetu ndio basi tena?"

Mama akaegemea mpini, akihema. "Binti yangu nimemzaa hapa," akasema. "Kitovu chake kiko kwenye ardhi hii. Siku akimuulizia baba yake, nimwonyeshe jalala?"

Mzee akavua koti, akanyoosha mkono aipokee sululu. Hakupewa, aliambiwa akalete yake. Akaenda kuileta, na wachimbaji wengine wakafuata. Kufikia jioni kaburi lilikuwa tayari, na mchonga mawe akalazwa kwa nyimbo za kwao.

Yakafuata mengine: kichanga cha mwashi, mpishi wa kambi, hata yule mzee mwenyewe. Mama Sululu alisimamia kila moja. Alipanda miti ya kivuli, akatandaza kokoto njiani, akawafukuza mbuzi kwa matusi ambayo baadaye alikwenda kuyaungama. Waliolala jalalani nao hakuwaacha. Alimsumbua padri, padri akaisumbua kamati, mpaka mifupa yao ikahamishwa kwa heshima, mmoja baada ya mwingine.

Miaka ikapita. Mvua moja mbaya ikaufurisha mto, makaburi ya mji yakageuka bwawa. Maji hayajapungua, mke wa mwenye duka akafariki. Mwenye duka, sasa mzee wa mkongojo, akaja kusimama mlangoni pa ukumbi wa parokia, kofia mkononi. Ndani, watu wakakumbuka yote.

"Ampeleke jalalani," akasema mmoja. "Aonje na yeye."

Wengine wakaguna kuafiki. Mama Sululu akainuka, huku akishika kiti.

"Aliyekufa si kamati," akasema. "Aliyekufa ni mwanamke mwenzangu, na wanawe wanamlilia. Mwenye hasira abaki nayo, ila asisimame kwenye njia ya jeneza."

Akatoka kufuata sululu. Wanaume wakamwandama, wakinung'unika njia nzima, lakini wakamwandama. Akachagua mahali pazuri, penye kivuli. Mwenye duka akaanza kuomba radhi.

"Mpumzishe mkeo kwanza," Mama akamwambia. "Maneno hayaozi."

Tangu siku hiyo wenyeji na wageni huzikwa pamoja pale, na wajukuu hawajui tena nani alikuwa nani.

Siku hizi magoti yake yamegoma. Siku ya usafi huwekewa kiti chini ya mti, akasimamia mafagio kwa ulimi. Majuzi wifi yake alimchokoza: "Umewapangia wote. Wewe mwenyewe umejichagulia wapi?"

"Nitachagua nikifika," akajibu. "Sasa hivi nina kazi." Kisha akamgeukia fundi bomba aliyekuwa ameuegemea ufagio wake, akamuuliza kama ufagio huo umeota mizizi.