Kivuva anamtafuta mtu wa kumshinda

Ni saa nne asubuhi, Jumamosi. Kwenye baraza ya duka la Hersi mjini Sultan Hamud, Kivuva Mutindi ameinamia ubao wa sataranji. Mbele yake, juu ya kreti ya soda, ameketi Falis, binti wa Hersi, mwenye umri wa miaka kumi na minne.

“Nimekula farasi yako, mwalimu.”

“Nimeona. Sasa chunga mfalme wako.”

Falis anatazama, tabasamu lake linapotea. Mfalme wake amezingirwa, hana pa kukimbilia.

Kivuva, mwenye miaka sabini na mmoja, hupata riziki kwa kutengeneza cherehani. Sataranji haimletei hata senti, ingawa miaka ya sabini alitamba katika mashindano ya Nairobi. Alifundishwa na karani wa stesheni ya reli aliyekosa mtu wa kucheza naye.

“Alinichapa mpaka nikaona aibu kurudi,” anasema. “Lakini nilirudi.”

Mwaka wa 1984 alialikwa kwenye mashindano ya ng’ambo. Angefanya vizuri, angeanza safari ya kuwa grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huo. Lakini ukame ulikuwa umepiga Ukambani. Ilikuwa ile njaa ya Nikwa Ngwete, nakufa na pesa mkononi, maana hata mwenye pesa hakupata mahindi ya kununua. Mamake, Syombua, alikuwa Kyuso, ng’ombe wote wamekufa. Kivuva aliacha safari, akahangaika huku na huku hadi akapata mahindi ya kumpelekea.

“Watu huniuliza kama najuta. Mama aliishi miaka minane zaidi. Wewe ungefanya nini?”

Baadaye aligeukia kufundisha na kuandika. Wachapishaji wawili walikikataa kitabu chake cha sataranji, wakidai hakina wasomaji kwa Kiswahili. Akakichapa mwenyewe kwa stensili, karatasi za kurudufishia. Siku hizi nakala zake zimefika hadi mji wa Malili, kurasa zimelegea kwa kuazimwa.

Hadi mwaka jana alifundishia katika ukumbi wa kanisa lake. Hersi, ambaye ni Mwislamu, akamkataza Falis kuingia humo. Mzee wa kanisa, Mulei, hakuona tatizo Falis akikosa.

“Kama babake hataki, achana na huyo msichana,” alimwambia Kivuva. “Si uko na wengine?”

Jumamosi iliyofuata Kivuva alikusanya mbao na kete, akavuka barabara, akamwomba Hersi baraza. Wanafunzi wote wakamfuata.

“Nilidhani anataka kumbadilisha binti yangu dini,” anasema Hersi akicheka. “Kumbe mzee anatafuta tu mtu wa kumshinda.”

Agosti, Falis atacheza Nairobi kwa mara ya kwanza. Kivuva anataka jambo moja litangulie.

“Mimi ugrandmasta ulinipita. Huyu msichana bado hajanishinda hata mara moja, na siwezi kumwachia makusudi. Nataka anishinde hapa hapa, babake akiona. Halafu aende Nairobi akijua hakuna mtu wa kuogopa.”